Sahani za Marehemu

Jumamosi, tarehe kumi na sita ya mwezi wa sita. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa kama mtu aliyesahau alichofuata: inanyesha kidogo, inakatika, jua linachungulia, kisha inarudi tena. Fundi alianika nguo mara mbili na kuzianua mara mbili. Mara ya tatu aliziacha ndani ya beseni, akaketi kwenye kiti chake cha cherehani na kufungua daftari la shule.

Daftari lilikuwa lake mwenyewe, ingawa alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Huu ulikuwa mwaka wa nne tangu aanze masomo ya jioni, kila Jumatatu na Jumatano, baada ya kufunika cherehani. Mwalimu wao alikuwa amewafundisha kwamba mtu akitatizwa na jambo, achore mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja aandike sababu za kulifanya, upande wa pili sababu za kuliacha, kisha ahesabu. Fundi aliupiga mstari kwa rula yake ya kupimia vitambaa, ukanyooka vizuri. Kushoto akaandika NIUZE. Kulia akaandika NISIUZE. Chini ya NIUZE akaandika: "Ni za kaka, na kaka hayupo." Akafikiri sana, akilamba ncha ya penseli. Chini ya NISIUZE akaandika: "Ni za kaka, na kaka hayupo."

"Ee Mungu wangu," alisema, "hata mwalimu hakutuambia ikitokea hivi tufanyeje."

Kaka yake alikuwa amefariki mwaka mmoja uliopita. Siku za kazi alikuwa karani wa ghala, lakini mwisho wa juma alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikodishwa kwenye shughuli za watu pamoja na mashine yake ya santuri, akapiga muziki mpaka wageni wakavua viatu. Alikuwa na santuri mia tatu na kumi na mbili, zile nyeusi za duara ambazo siku hizi hakuna anayezipiga. Mwenyewe hakuziita santuri. Aliziita sahani. "Niletee ile sahani ya karatasi nyekundu," angesema, na Fundi, dada yake, ambaye enzi hizo hakujua hata A, angeitambua kwa rangi na kumpelekea. Mashine ilikufa kabla ya mwenyewe. Sahani zikabaki, kreti kumi na moja, zimepangwa ukutani katika chumba anacholala mjane wake.

Huyo mjane ndiye wifi yake Fundi. Walikuwa wameishi nyumba moja miaka kumi na tisa, wakigombana juu ya chumvi na kucheka juu ya kila kitu kingine. Wifi alikuwa mpishi wa shughuli: mume anapiga muziki uani, mke anapakua nyuma ya nyumba. Sasa goti lilikuwa limemgomea na masufuria makubwa ameyagawa. Wiki mbili nyuma alijikwaa kwenye kreti akielekea dirishani, akaanguka, goti likavimba kama boga. Fundi alipokuwa akimkanda kwa maji ya moto, Wifi alisema taratibu, bila hata kukunja uso:

"Wifi, mimi niliolewa na mwanamume, sikuolewa na ghala. Mwezi huu ukiisha, haya masanturi yakiwa bado yako humu, mimi nakwenda kukaa kwa mdogo wangu. Sina ugomvi na mtu."

Fundi aliogopa yale maneno ya mwisho kuliko yote. Wifi akiwa na ugomvi, hupiga kelele, na kelele zake huisha kabla chai haijapoa. Akisema hana ugomvi, basi ameshafunga mizigo moyoni.

Angekuwa mtu mwingine, angeuza siku hiyo hiyo. Lakini Fundi alikuwa na jambo lililomkaba. Hospitalini, siku mbili kabla ya mwisho, kaka yake alifungua macho na kusema kwa pumzi fupi fupi: "Sahani... msiziuze. Siku ya shughuli mtazihitaji." Fundi alikuwa amesimama kichwani pake. Wifi alikuwa miguuni, akimfunika shuka. Walisikia wote wawili! Sasa inakuwaje mke aliyesikia kwa masikio yake ndiye anayetaka zitoke? Hakuuliza. Angeanzaje? Alimpenda wifi yake, na aliogopa jibu. Akalibeba swali lile mwaka mzima, akaliombea kila alfajiri, na kila alfajiri akainuka na swali lake mkononi.

Mwishowe alimwomba mwalimu amtafutie mnunuzi. Bei waliipatana kwa simu. Mnunuzi angekuja leo saa nne, na Fundi alikuwa bado hajui atamwambia nini.

Saa nne kasoro pikapu ilisimama nje. Akashuka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani mikubwa na mwavuli mdogo, na nyuma yake dereva, mtu mnene mwenye sauti ya upole.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni, karibuni. Vueni tu matope, viatu acheni."

Dereva alitazama viatu vyake, akatazama sakafu. "Mama, matope bila viatu yatavuliwaje?"

Wakacheka, na Fundi akaona afadhali kidogo. Aliwaingiza chumbani. Mnunuzi alichuchumaa mbele ya kreti ya kwanza, akatoa santuri moja kwa ncha za vidole, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha na kuipuliza. Kisha akashusha pumzi kama mtu aliyefika nyumbani. Fundi akampa daftari. Humo alikuwa ameandika kila santuri kwa mkono wake, moja baada ya nyingine, miezi mitatu, kama zoezi la masomo yake. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusoma maandishi ya zile karatasi za katikati. Nyingine hazikuwa na majina aliyoyajua utotoni, kwa sababu majina aliyojua yalikuwa nyekundu, kijani, na ile ya jogoo.

"Umeandika vizuri sana, mama," mnunuzi alisema. "Kwa hiyo sahani zote zinauzwa? Hakuna mnayobakiza?"

Alisema sahani. Labda alilitoa neno hilo kwenye daftari, maana ndivyo Fundi alivyoandika juu ya ukurasa. Kabla Fundi hajafungua mdomo, sauti ilitoka jikoni kama sufuria iliyoanguka:

"Sahani haziuzwi! Sahani haziuzwi ng'o! Marehemu alikataza!"

Wifi akatokea mlangoni akichechemea, mwiko mkononi. Mnunuzi akairudisha santuri kwenye kreti polepole. Dereva akasogea nyuma ya mlango.

Fundi alimgeukia. "Wifi," alisema, "wewe si ndiye uliyesema zitoke?"

"Mimi? Mimi niseme sahani zitoke? Nimerogwa?"

"Ulisema mwezi ukiisha, zikiwa humu, unaondoka."

"Nilisema masanturi! Masanturi yatoke! Nani kasema sahani?"

"Santuri ndizo sahani."

"Hilo ni neno lenu ninyi wawili. Kwangu sahani ni sahani, Wifi. Za kulia. Zile zangu."

Hapo Fundi akakumbuka kitu ambacho alikuwa akikiona kila siku bila kukifikiria. Chini ya kitanda cha Wifi, nyuma ya mlango wa sebule, na hata chini ya meza yake mwenyewe ya kukatia vitambaa, kulikuwa na maboksi ya sahani nyeupe za kauri, mia na themanini, zimefungwa moja moja kwa magazeti. Ndizo Wifi alizokuwa akipakulia wageni. Masufuria aliyagawa, vijiko akavigawa, sahani akazishikilia. Fundi alidhani anazipenda tu.

"Alisema hospitalini," Wifi aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Wewe ulikuwepo. 'Sahani msiziuze.' Alinitazama mimi."

"Alinitazama mimi!"

"Alikuwa amelala chali, Wifi. Alitazama dari."

Dereva alikohoa nyuma ya mlango. Inawezekana alikuwa akicheka.

"Haya," alisema Fundi, akiketi ukingoni mwa kitanda. "Twende polepole kama darasani. Alisema siku ya shughuli tutazihitaji. Shughuli gani isiyo na muziki?"

"Na shughuli gani isiyo na chakula? Watu wacheze na njaa?"

"Mara zote alikuwa akisema, sahani zifutwe vumbi."

"Zangu ndizo zilizokuwa zikifutwa vumbi na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa yeye. Kila Ijumaa."

Ilikuwa kweli. Fundi alimwona kwa macho yake, akiwa na kitambaa begani. Akatafuta tena. "Alichukia mtu kuzishika katikati. Alisema zishikwe pembeni."

"Ili vidole visiingie kwenye mchuzi!"

Kila alichookota Fundi, Wifi alikigeuza na upande wa pili ukafaa vilevile, sawasawa na ule ukurasa wenye mstari. Alimgeukia mnunuzi kama vile yeye ndiye hakimu. Mnunuzi akainua mikono yote miwili.

"Mama, mimi sikumfahamu marehemu. Nikisema lolote nitakuwa nasema kwa faida yangu."

Fundi aliomba ruhusa, akaingia chumbani kwake na kupiga magoti kati ya cherehani na rundo la sare za wanafunzi. Alisali kwa maneno machache. Hakuomba ishara, alikuwa amejifunza kutomtega Mungu. Aliomba tu aambiwe kaka yake alimaanisha nini. Akangoja. Mvua ikaanza, ikaacha. Akilini mwake hakukuja jibu, ila kumbukumbu moja isiyosaidia: siku ile ile, saa moja baada ya kusema habari za sahani, kaka yake alimwita muuguzi "mama", akamwomba ruhusa ya kwenda kucheza nje. Homa ilikuwa kali. Huenda alimaanisha santuri. Huenda alimaanisha sahani za kauri. Huenda alikuwa mtoto wa miaka saba, na sahani alizoziona hakuna mwingine aliyeziona. Fundi alibaki amepiga magoti mpaka miguu ikafa ganzi, na alipoinuka alikuwa haelewi zaidi ya alipoingia.

Alimkuta Wifi ameketi juu ya kreti, mguu mbaya ameunyoosha. Mnunuzi na dereva walikuwa wamesogea barazani kwa adabu.

"Wifi," alisema Fundi, "mbona hukuniambia kwamba unazitunza kwa sababu yake?"

"Nawe mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua na unadharau."

"Mimi nimdharau mume wangu?" Wifi aliangalia mwiko. "Sahani zile siwezi hata kuziinua. Boksi moja tu linanimaliza. Ningependa zitoke leo kabla ya kesho. Lakini mimi ni mjane, Wifi. Ninyi ni ukoo. Kikipotea kitu chake, itasemwa mke kauza mali ya marehemu. Ba mkubwa wenu alishaniuliza mashine iko wapi. Mashine, Wifi! Ile iliyokufa! Nilimwonyesha vyuma vyake kama mtu anayeonyesha maiti. Ndiyo maana nikasema bora niende kwa mdogo wangu. Huko hata nikianguka, naanguka kwenye vitu visivyo na mwenyewe."

Mwaka mzima Fundi alikuwa akiuliza marehemu alitaka nini, na hakuwahi kumuuliza aliye hai anaogopa nini. Lakini hata hilo halikumwambia la kufanya. Kama kaka alimaanisha santuri, basi akiziuza leo anamvunjia neno lake la mwisho. Kama hakumaanisha, akizibakiza anamvunja mkewe bure. Haukuwapo mlango wa tatu. Akawaza: Mungu angetaka nijue, ningejua. Ameniacha nichague bila kujua.

"Zako hizo za kauri," alisema, "hebu zikae kwanza, tutaulizana. Siwezi kuamua mambo mawili siku moja, kichwa kitapasuka."

"Na hizi?"

Fundi alitoka hadi barazani. Mvua ilikuwa imeanza upya na jua halikuwa limeondoka. Mnunuzi alifunga mwavuli, dereva akasimama wima kama mtu aliyeitwa kanisani. Wifi alimfuata akijishikiza kwenye fremu ya mlango.

"Dada," Fundi alimwambia mnunuzi, "chukua zote. Mia tatu na kumi na mbili. Usiniachie hata moja, nikibaki na moja nitaiuliza maswali."

"Una hakika, mama?"

"Sina." Fundi akaikaza sauti. "Hakika sina hata kidogo. Ndiyo maana naomba msikilize ninachosema, nyinyi wawili, nisije nikageuka. Ndugu mwenye pikapu, unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

Akamshika wifi yake mkono, akauinua kidogo ili waone wote.

"Mbele yenu, na mbele ya Mungu aliyeninyamazia leo: santuri hizi nauza mimi. Wifi yangu hajauza kitu. Chumba kile ni chake, na nyumba hii ni yake mpaka mmoja wetu azikwe. Ba mkubwa akija, nitamjibu mimi. Na siku nitakapoonana na kaka yangu, akiniuliza sahani zake ziko wapi, sitasema tuliuza, sitasema mkeo alitaka. Naahidi nitamwambia: niliuza mimi, kaka, sikukuelewa, nisamehe."