Wali wa Kukanyagwa

"Na mwaka huu yule bibi unayemtunza akikwambia upande wewe juu ya sanduku la wali, utapanda?" Mwanakheri, jirani yake wa mtaa wa Doonside, aliwahi kumuuliza Zilpah huku akimkatia majani ya mgomba uani kwake.

Zilpah alicheka sana. "Nikanyage chakula, mimi? Shoga, Mungu ananiona."

Leo hakucheka. Alikuwa jikoni kwa Mama Fumie, kikongwe wa Kijapani ambaye yeye aliajiriwa kumtunza, katika mtaa wa Merrylands, akilitazama sanduku la mbao lililowekwa sakafuni.

Walilijaza pamoja tangu asubuhi. Wali wenye siki, samaki aliyechambuliwa, mayai yaliyokatwa membamba kama nyuzi, mzizi wa yungiyungi wenye matundu kama sega la nyuki. Halafu jani la mgomba, halafu wali tena, tabaka juu ya tabaka, kama wafanyavyo watu wa Iwakuni, alikozaliwa Mama Fumie, panapokuwa na karamu. Juu ya yote, kifuniko. Na juu ya kifuniko, mtu, ili uzito wake uushindilie wali.

"Mume wangu ndiye aliyesimama," alisema kikongwe. "Alipokufa nikasimama mimi. Sasa tazama."

Akamshika Zilpah bega, akapanda. Kifuniko hakikushuka. Ugonjwa ulikuwa umemla, akabaki mwepesi kama ganda la kitunguu.

"Osamu yuko njiani," akasema. Osamu, mwanawe wa pekee, alikuwa amempatia chumba katika nyumba ya wazee huko Campbelltown, na leo alikuwa akija kumchukua. "Akikuta wali unamomonyoka atasema, umeona, Mama? Huwezi tena. Nami nitamjibu nini? Panda, Zilpah. Mungu amekupa uzito."

"Amenipa wa kuinulia watu, si wa kukanyagia riziki. Kwetu tonge likianguka tunaliokota. Nyanya yangu atafufuka anichape!"

"Kwetu pia tunaliokota."

Mama Fumie hakubishana zaidi. Alivuta lile beseni ambalo Zilpah humwoshea miguu, akatia maji ya uvuguvugu, akapiga magoti polepole, kiungo kimoja baada ya kingine.

"Mama, mgongo wako!"

"Nyamaza. Lete mguu."

Tangu utoto hakuna aliyewahi kumwosha Zilpah miguu, hata marehemu mumewe, na alikuwa mume mwema. Vidole vya kikongwe vilipita katikati ya vidole vyake, vikapita kwenye mipasuko ya visigino, bila haraka, kama anayeosha kikombe cha mgeni. Midomo ya Zilpah ikachezacheza katika sala isiyo na sauti.

Akapanda.

Kifuniko kilishuka taratibu, kwa pumzi ndefu, kama ng'ombe anayelala. Chini ya nyayo alihisi wali ukishikana na wali. Aliogopa hata kukohoa, kama mtu aliye kanisani watu wote wakiwa wameinamisha vichwa.

Osamu alimkuta hapo hapo juu.

"Huyu anafanya nini?"

"Anapika," alisema mamaye.

Zilpah akashuka. Mama Fumie akavuta mbao za ubavuni, moja moja.

"Ee Bwana," Zilpah alinong'ona.

Wali ulisimama wenyewe. Ulisimama kama ukuta mdogo, mweupe, wa manjano, wa kijani, kingo zake zimenyooka, na hakuna punje iliyoanguka. Zilpah aliunganisha viganja bila kujua. Kikongwe alikata kwa kisu kirefu, akampa mwanawe kipande cha kwanza.

Osamu alitafuna akiwa amesimama. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Lakini hukuweza peke yako, Mama," alisema mwishowe, kwa upole.

"Tangu lini ikawa kazi ya mtu mmoja? Baba yako alikuwa mwembamba kama fito. Alisimama hapo, kifuniko kikamgomea. Ikabidi akubebe wewe mabegani ndipo kikashuka. Umesahau? Ulishika masikio yake, ukawa unapiga kelele, sisi ni wazito, sisi ni wazito!"

Osamu aliweka sahani mezani. Simu yake ikalia mfukoni; ilikuwa ile nyumba ya wazee. Akaiacha ilie mpaka ikachoka. Alilitazama lile sanduku tupu, akamtazama mamaye, akamtazama Zilpah na miguu yake iliyolowa. Kisha akafungua mlango, akatoka kwa soksi kwenye mvua, akaufunga mlango wa nyuma wa gari aliouacha wazi kwa ajili ya mizigo ya mamaye.