Chandarua cha Upande wa Jua

Banda la vipepeo lilikuwa mwendo wa dakika tano kabla ya lango la hifadhi, pale ambapo magari ya familia hupunguza mwendo na watoto waliomo ndani huanza kuuliza, "Bado? Bado?" Mwanawe Bibi ndiye aliyelijenga kwa mikono yake, nguzo kwa nguzo, hata watu wakamwita Fundi, na mama yake mwenyewe akafuata mkumbo. Lilikuwa refu kama darasa, limezungushiwa wavu mweupe juu na pande zote. Mlangoni kulikuwa na mapazia mawili. Unapita la kwanza, unalifunga, ndipo unafungua la pili, usije ukatoka na kipepeo begani.

Kila mtu alikuwa na kazi yake. Fundi alikata majani mabichi alfajiri. Mkewe alilisha viwavi katika chumba cha nyuma, kwenye mabeseni yaliyofunikwa kwa vitambaa vyepesi ili siafu wasiingie. Bibi alikuwa wa vifuko. Kiwavi akishashiba hujifunga ndani ya kifuko kinachofanana na jani kavu, na Bibi alivichukua kimoja kimoja akavining'iniza kwenye uzi kwa tone la gundi, kama nguo za mtoto mchanga kwenye kamba. Mjukuu wake mkubwa, msichana wa miaka tisa aliyeitwa Kidoti kwa alama nyeusi ya shavuni, alibadilisha maji ya sukari kwenye visahani na kuwaambia wageni wasiguse. Mdogo wake wa miaka minne, wao walimwita Bwana Mdogo, kazi yake ilikuwa kugusa.

Fundi aliwahi kuwa mbali. Miaka mitatu alifanya kazi machimboni, nchi ya pili kutoka hapo, na Bwana Mdogo alizaliwa yeye hayupo. Siku aliporudi na begi lake, mtoto alijificha nyuma ya sketi ya mama yake akasema, "Mgeni aende." Watu wote walicheka, na Fundi akacheka nao, kisha akatoka nje akawa anapanga kuni zilizokwisha kupangwa. Bibi alimwona. Jioni ile Fundi aliapa kwamba haondoki tena.

Lakini kuapa hakuleti wageni. Familia nyingi zilipita moja kwa moja kwenda kwenye boti za kupiga makasia, kwenye farasi, na kwenye daraja la kamba lililovuka mto. Mwaka na nusu banda lilikuwa linajikongoja. Machimboni nako walimwandikia tena: mkataba wa miaka mitatu, jibu lilitakiwa kabla ya Jumatatu jioni. Barua ile ilikaa juu ya kabati, na kila aliyepita aliitazama kwa jicho la pembeni.

Ndipo meneja wa kambi ya familia alipokuja mwenyewe, akaingia bandani, na kipepeo akatua kwenye miwani yake. Alisimama kama sanamu kwa muda mrefu. "Jumamosi nitakuleteeni familia nane," alisema, bila kusogeza kichwa. "Wakifurahi, nawaweka kwenye ratiba. Asubuhi vipepeo, mchana boti, jioni daraja. Kila siku, likizo hii na zinazofuata."

"Na wasipofurahi?" Fundi aliuliza.

"Nani asiyefurahi hapa? Hebu nitolee huyu, nataka kupiga chafya."

Usiku ule Fundi alisema Jumamosi ikienda vizuri ataichana barua. Mkewe akamjibu, "Nitaichana mimi. Wewe utaichana vipande vikubwa, mtu anaweza kuviunga."

Alhamisi upepo ulivunja tawi, tawi likapasua wavu upande wa jua, tundu la kupita mbuzi. Waliziba kwa mashuka mbiombio, na Fundi akapanda baiskeli kwenda mjini. Muuza duka alimwambia wavu wa aina ile utakuja wiki ijayo. Alimhurumia, akampa sindano ya magunia na uzi imara, akakataa kuchukua chochote.

Huku nyumbani Bibi alikumbuka chandarua chake. Walimgawia kliniki miezi miwili nyuma, na yeye hakukifungua. Alikilaza chini ya godoro akimwekea Bwana Mdogo, siku atakapopata kitanda chake. Muuguzi wa kliniki alikuwa amemwambia akianike kivulini siku nzima kabla ya kukitumia, kwa sababu dawa yake ni kali kwa mbu. Bibi aliyakumbuka maneno hayo vizuri kabisa. Alikianika kwa saa mbili tu, kwa kuwa muda haukuruhusu zaidi. Mbu ni mbu, kipepeo ni kipepeo. Hayo mawili hayakukutana kichwani mwake.

Alikitandaza nguzo hadi nguzo, akashona tangu adhuhuri, mishono miwili miwili, mkamwana wake, mke wa Fundi, akimshikia ngazi na kumkatia uzi. Fundi aliporudi bila wavu, alikuta ukuta mzima kama haujawahi kuguswa. Aliegemeza baiskeli, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Mama! Miaka yote hii ulinificha kwamba fundi ni wewe?"

"Nilikuwa nangoja uulize," Bibi alisema.

Vipande vilivyobaki hakuvitupa. Vitambaa vya mabeseni ya viwavi vilikuwa vimechakaa, basi alivikatia vifuniko vipya, kila beseni na chake.

"Wamependeza, mama," mkamwana alisema. "Kama wanaolewa."

Sasa, kipepeo hawezi kuruka akiwa na baridi. Asubuhi hungoja jua, na jua lilianzia upande ule ule wa mashariki. Kila siku, saa moja, vipepeo wote walikuwa wakihamia huko, wakashika wavu na kufungua mabawa, mamia kwa mamia, ukuta mzima ukawa unapumua. Ijumaa walifanya hivyohivyo. Kidoti alipiga makofi. "Bibi, wanalipenda vazi lao jipya!"

Saa sita mchana walikuwako kumi na wawili chini. Fundi aliwaokota, akasema ni baridi ya ule upepo. Alasiri hawakuhesabika tena. Wengine walilala chali na miguu ikitetemeka. Mkewe aliongeza maji ya sukari, Kidoti alibadilisha ndizi zilizoiva, Bibi alipita akiwainua kwa unyoya na kuwaweka juu ya maua. Walikaa kidogo, kisha wakaanguka. Mabeseni hayakufunguliwa siku ile. Mkamwana alikuwa amejaza majani ya siku mbili, apate nafasi ya kufagia njia na kupanga viti vya wageni.

Jumamosi alfajiri Fundi aliingia wa kwanza. Alikaa ndani mpaka Bibi akamfuata. Sakafu ilikuwa na rangi kama mtu amemwaga kapu la maua. Mwanawe alikuwa amesimama katikati, anaogopa kupiga hatua asije akawakanyaga.

"Tuwazuie wasije," Bibi alisema.

"Wamekwisha ondoka kambini, Mama. Nasikia gari."

Familia nane zilishuka na kofia zao na chupa zao za maji. Watoto waliingia pazia la kwanza wakicheka, wakapita la pili, wakanyamaza. Juu kabisa walibaki vipepeo kama ishirini, wakigonga paa. Baba mmoja alimbeba binti yake haraka akatoka naye. Mwingine alivua kofia, akapiga magoti na wanawe, wakaanza kuwaokota taratibu wakiwaweka kofiani, hakuna aliyewaomba. Mtoto mmoja mwenye miwani alimwuliza Kidoti, "Wamelala?"

"Usi..." Kidoti alianza kwa mazoea. Kisha akasema, "Sasa unaweza kugusa."

Miongoni mwa wageni alikuwamo mama mmoja muuguzi. Alikuwa akiutazama ukuta wa mashariki. Alisogea, akaushika mshono, akanusa vidole vyake, kisha akamwendea Bibi karibu kabisa na kusema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Samahani, mama. Hiki si chandarua chenye dawa?"

Bibi alimtazama. Aliiona midomo yake ikiendelea kusema, pole sana, ile dawa haichagui mdudu, na akaushika mkono wa yule mama asianguke. Yule mama hakumwachia. Alimshika hivyo mpaka Bibi akakaa kitini.

Meneja naye alikuwa amefika ukutani. "Hiki kitu nani kakiweka hapa?"

"Mimi," alisema Fundi.

Bibi alifungua kinywa. Mwanawe aliweka mkono begani pake, mzito, akauacha hapo.

"Wewe, Fundi? Mtu anayejua wadudu kama wewe?"

"Nilikosea."

Meneja alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Ndugu yangu, sina ugomvi na wewe. Lakini watoto wanalia garini. Hawa wamekuja kupumzika. Siwezi kuleta wengine nikijua hivi." Aliwaaga wote kwa mkono, hata Bwana Mdogo.

Gari lilipoondoka, mkamwana alishtuka kama aliyeitwa, akakimbilia chumba cha nyuma. Hawakusikia kelele. Walipomfuata walimkuta ameketi chini, mabeseni yote yamefunuliwa, vile vifuniko vipya vimekunjwa vizuri mapajani mwake. Majani yalikuwa mabichi bado. Hakuna kiwavi aliyekuwa anakula.

"Ni mimi niliyekata," Bibi alisema. "Ni mimi niliyeshona. Ni mimi."

"Mama, chai imepoa," mkamwana alisema. "Ngoja nikupashie." Tangu siku hiyo hakutaja kisa kile tena mbele yake, wala nyuma yake. Bibi angejua.

Walihesabu kwa mdomo, kila mtu akitumaini mwenzake amekosea. Kupata mayai, viwavi, vifuko, mpaka banda lijae: wiki saba au nane. Likizo ilikuwa imebakiza nne. Jumapili askari wa lango, mtu mwenye mzaha na kila gari, alikuja bila mzaha wowote, kofia yake ya kazi mikononi. Ndani yake mlikuwa na viwavi saba aliowatafuta kando ya barabara tangu asubuhi.

"Nje ya uzio, mama," alimwambia Bibi. "Ndani hairuhusiwi. Nimetafuta sana."

"Mungu akubariki, baba."

"Wanatosha?"

Fundi aliwapokea kwa mikono miwili. "Tunashukuru sana, mzee," alisema, na askari akaelewa kuwa hawatoshi.

Jumatatu asubuhi Bibi alimkuta mwanawe akifumua mshono kwa kisu. Alisimama kumshikia chandarua kisiburuzike chini. Barua haikuwa tena juu ya kabati. Aliiona katika mfuko wa nyuma wa suruali ya mwanawe, imetiwa saini.

"Nikasirikie," Bibi alisema. "Afadhali unikasirikie."

Fundi aliendelea kufumua. "Ningetaka, Mama. Ungefanya kwa ubaya, ningejua hasira yangu niiweke wapi. Umeshona vizuri mno, hata uzi haukatiki."

"Mwambie meneja ni mimi. Labda akijua ni ujinga wa mzee ataona huruma."

"Huruma alikuwa nayo. Vipepeo ndio hatuna." Aliukata mshono wa mwisho, akakusanya kitambaa chote kifuani kama mzigo wa nguo. "Na wewe usimwambie mtu. Mimi nitakuwa mbali, maneno hayatanifikia. Wewe utakuwa hapa."

Hapo ndipo Bibi alipolia. Ijumaa yote na Jumamosi yote hakulia.

Fundi aliondoka Alhamisi. Vifuko vilivyokuwa kwenye uzi vilifunguka siku hizo, vichache vichache, na Fundi aliwatoa nje vipepeo wake bila mgeni kuona. Askari wa lango aliomba ruhusa ya saa moja ili ambebee begi mpaka barabara kuu. Kidoti alimpa baba yake mkono kama mtu mzima, kisha akakimbia ndani. Bwana Mdogo alikuwa begani pa baba, anampiga piga kichwani akiimba, akidhani wanakwenda wote. Gari liliposimama, ilibidi vidole vyake vifunguliwe kimoja kimoja kutoka kwenye kola ya shati. Mama yake ndiye aliyevifungua. Dereva alizima injini, akatazama upande wa pili mpaka walipomaliza.

Viwavi saba walikula, wakajifunga, wakatoka vipepeo saba. Saba ndani ya banda lile, upande wa jua ukiwa umezibwa tena kwa mashuka, ungeweza kuketi nusu siku usimwone hata mmoja. Siku ya tatu Bibi aliondoa mashuka, akawafungulia na mapazia yote mawili.

Kwenye ubao wa lango, watu wa hifadhi walikuwa hawajafuta lile neno la vipepeo na mshale wake. Askari alisema amewakumbusha. Kwa hiyo familia ziliendelea kusimama, moja kwa siku, mbili kwa siku, na Bibi alikuwa akiinuka kitini kuwaeleza, kwa sababu hakutaka kazi hiyo imfikie mkamwana wala Kidoti.

Mwisho wa likizo alikuja mtu na binti yake kwa miguu. Mtoto alikuwa na darubini shingoni, ya kitoto, ya plastiki.

"Shikamoo, bibi. Vipepeo wako hapa?"

"Marahaba, mama. Hapa ndipo. Lakini leo hatunao."

"Kesho?"

Bibi alimtazama baba wa mtoto, naye alikuwa akilitazama banda, nguzo zake zilizonyooka, wavu mweupe mtupu, na ule upande mmoja ulio wazi.

"Kesho pia hatuna, mama."

"Tulikuja kwa ajili yao tu," mtoto alisema, si kwa kulalamika.

"Najua. Nisameheni." Alitoka mpaka barabarani, akawaonyesha kwa mkono. "Shukeni hapa mpaka mtoni. Kuna boti, na kuna daraja la kamba, zuri sana, watoto wanalipenda. Ila linayumba. Mkifika katikati mshike baba mkono, usimwachie."

Mtoto alimshika hapohapo, kabla hata ya kuanza kutembea. Bibi alisimama barabarani akiwatazama hadi kona ilipowachukua, kisha akarudi kitini kungojea wengine.