Meza ya Mama Ngoja

Sista mkuu wa chumba chetu cha upasuaji tulimbatiza Mama Ngoja, na jina lenyewe hakulikasirikia hata kidogo. Kila ukinyoosha mkono kuchana pakiti, sauti yake inakukuta kutoka nyuma ya barakoa: "Ngoja kwanza. Kimeombwa?"

Zamani hatukuwa tunangoja. Kabla mgonjwa hajapitiwa na usingizi vizuri, tulikuwa tumeshafungua kila kitu: nyuzi za kushonea, shashi, mirija, glavu za akiba. Tukiulizwa kwa nini, tunajibu, "Kwani unajua kitakachotokea?" Na kitu kikishafunguliwa, hata kisipoguswa na mtu, hakirudi kabatini, maana kinahesabiwa kimeshaingia vijidudu. Kinaingia mfuko mwekundu wa taka, na mfuko unaenda kwenye tanuri nyuma ya wodi ya watoto. Mimi naishi upande ule moshi unakoelekea. Kuna jioni narudi nyumbani, nambeba binti yangu, naingiza pua kwenye nywele zake, nasikia harufu ya kazini kwangu.

Lakini kilichomchoma Mama Ngoja hakikuwa moshi. Kulikuwa na mama mmoja mwenye uvimbe tumboni, amelala na njaa kama alivyoelekezwa, amevalishwa gauni, amesukumwa kitandani mpaka mlangoni kwetu. Hapo ndipo tukagundua kwamba nyuzi nene zimeisha stoo. Sista mwenyewe alikwenda kumwambia kwamba leo hapasuliwi. Aliporudi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavua kofia yake.

"Ameniuliza, 'Zimeisha zimekwenda wapi?'" akasema. "Ningemjibu nini? Kwamba wiki hii hii tumezichoma, mpya, hazijagusa mtu?"

Siku hiyo hiyo akamfuata daktari bingwa wa upasuaji, akanivuta na mimi.

"Daktari, nakuomba meza nyepesi."

"Nyepesi kivipi? Unataka nipasue kwa maombi, sista?"

"Vile unavyotumia kila siku utavikuta mezani. Vingine vitakaa pembeni, vimefungwa. Ukihitaji, huyu mwanangu atafungua."

Daktari akanitazama. Mimi ndiye muuguzi nisiyevaa glavu za upasuaji, yule anayezunguka chumbani kuleta hiki na kile. Cheti changu nimekipata kwa masomo ya jioni, nikisoma huku mtoto amenilalia mapajani, na wakati ule bado kilikuwa kinanukia wino. Nikajikaza nisitazame chini.

"Sawa," akasema daktari. "Ila siku mkono wangu utakapobaki hewani unasubiri kitu, mchezo umekwisha, tunarudi tulikotoka. Siwezi kumwambia mtu anayevuja damu angoje."

"Wala mimi," akajibu Mama Ngoja. "Huyo ndiye peke yake nisiyemwambia."

Basi yote yakaniangukia mikononi. Baada ya kazi sista alitufanyisha mazoezi kwa pakiti zilizopitwa na muda: shika masikio mawili ya karatasi, vuta, toa bila kugusa cha ndani. Tena. Tena. Alinifundisha pia kumsoma daktari. "Usimngojee aseme. Tazama miguu yake. Akiipanua hivi, ujue kibanio kikubwa cha kubana mishipa kinatakiwa. Akiinamisha shingo, anataka uzi." Miaka yote ile tuliyokuwa tunafungua ovyo, kumbe yeye alikuwa anamsoma yule mtu.

Nyumbani niligundisha bahasha za karatasi, nikaweka vijiti ndani. Binti yangu akawa daktari bingwa, na mto ukawa mgonjwa.

"Uzi!" anaamuru, kiganja wazi.

Nachana bahasha.

"Umechelewa, mama."

"Nisamehe, daktari. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Analia. Amesema hataki sindano."

Nyuzi zilipoletwa, yule mama mwenye uvimbe akapangiwa siku nyingine, na siku hiyo mambo yakaenda shwari mpaka uvimbe ulipoanza kuachia. Ghafla damu ikajaa, nyekundu, haraka kuliko mrija wa kufyonza.

"Kibanio!" Sista alikwisha kumwekea kiganjani. "Kingine! Uzi mnene, upesi!"

Hapo mikono yangu ikanisaliti. Ikarudia mazoea: nikakumbatia pakiti zote za pembeni, za saizi hii na ile, nikataka kuzichana zote kwa pamoja ili mradi tu niwe nimefungua. Wakati ningekuwa napekua rundo hilo, mkono wa daktari ungekuwa hewani. Na baada ya mkono, yule mama.

Sista hakugeuka. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayebembeleza mtoto asizinduke, "Anachoomba tu, mwanangu."

Nikaachia rundo. Nikashika moja, nene. Masikio mawili, vuta, toa. Sista akauchukua uzi, na kiganja cha daktari kilipofunguka, ukawa umeshafika.

"Mwingine."

Ukawepo.

"Mwingine."

Nao ukawepo. Sikuwa nasikia tena kitu chochote isipokuwa kuchanika kwa karatasi na pumzi zangu. Kisha mtaalamu wa usingizi, ambaye sisi tunamwita Bwana Usingizi kwa sababu hupiga miayo kuliko wagonjwa wake, akasema, "Presha inapanda. Mtu wenu anarudi."

Walipomaliza kushona, daktari hakutoka mbio kama kawaida yake. Alibaki ametazama meza. Ilikuwa na nafasi. Ungeweza kuona kila kifaa kilipolala.

"Sista, damu ilipoanza, niliona kibanio mara moja. Kilikuwa peke yake pale. Zamani ningekuwa nachakura kama natafuta funguo kwenye mkoba wa mke wangu."

"Mwenye mkoba anajua kila kitu kilipo, daktari."

Akacheka, akavua glavu. "Kesho nenda chumba cha pili. Wafundishe na wale." Akanigeukia mimi. "Na wewe uende naye. Mikono yako haina papara."

Hakuwa ameiona ilipokumbatia lile rundo.

Nilifunga mfuko mwekundu nikaubeba kwa mkono mmoja. Zamani tulikuwa tunauburuta watu wawili. Zile pakiti nilizozikumbatia kwa hofu nikazirudisha kabatini, nzima, moja baada ya nyingine, na sijui kwa nini machozi yakanitoka. Labda nilimwona mtu mwingine, simjui, amelala na njaa, anasukumwa mlangoni kwetu na kupitishwa ndani.

Nikamkuta Mama Ngoja kwenye chumba cha kuamkia, bado na viatu vyake vya mpira, amekaa karibu na yule mama. Mgonjwa akafumbua macho, akayazungusha, akamtambua.

"Sista," akasema, ulimi mzito. "Leo nyuzi zilikuwepo?"

"Zilikuwepo, mama. Zilikuwa zinakungoja wewe."

Yule mama akatabasamu kidogo, akalala tena. Sista akamvutia shuka mpaka mabegani, akaninong'oneza nimletee maji, maana tangu asubuhi hakuwa amekunywa hata tone.

"Fungua chupa moja tu," akasema.