Mswada Ulionuka Kidonda

Dobi wa hospitali alimaliza kukunja shuka la arobaini asubuhi ya Jumamosi, akatazama saa ya ukutani, akafuta mikono kwenye aproni na kwenda kujifunza kuandika. Darasa lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu: viti kumi na viwili na ubao uliopasuka. Wenzake waliandika mapenzi. Yeye aliandika jinsi mdogo wake alivyokufa.

Mdogo wake alilazwa wodi ya wanawake baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Kidonda hakikuoshwa siku sita. Ndoo chini ya kitanda ilijaa, ikafurika, nzi wakahamia na ukoo wao wote, na wauguzi wa zamu wakawa wanapitia upande wa pili wa chumba, wameziba pua. Siku ya saba msichana akafa, na kwenye faili wakaandika moyo. Moyo! Binti aliyekuwa akipanda ngazi mbilimbili huku anaimba. Dobi alilifua shuka lile kwa mikono yake, akajua alichokiona, akaapa kwamba jambo hilo litaandikwa kitabuni, mahali ambapo hakuna wa kulifuta.

Mwalimu wa darasa alikuwa na kauli moja aliyoirudia kila wiki hadi ikachakaa.

"Usiniambie wodi ilikuwa chafu. Ninusishe."

Dobi hakuwa mtu wa kufanya kazi nusunusu. Aliandika ukurasa wa kumi na saba mara nane, kwa mkono, akichana kila uliomshinda. Wa kwanza haukunuka kitu. Wa tatu ulinuka dawa ya kusugulia sakafu. Wa nane, alipoweka nukta ya mwisho, harufu ya usaha ilipanda kutoka kwenye karatasi, nzito, yenye utamu wa kutia kinyaa, na nzi wawili wakatua kwenye aya ya pili wakaanza kusugua miguu.

Mama yake, aliyekuwa akishona kifungo cha blauzi, aliinua kichwa.

"Mwanangu huyo," alisema. Akasogeza kiti hadi mezani, akakaa na ukurasa ule mpaka chakula kikapoa.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu aliusoma kwa sauti, leso puani. Mwanafunzi wa kiti cha mbele alitapika dirishani, akapangusa mdomo, somo likaendelea. Mwalimu alisema mswada sasa umeiva, upelekwe kwa mchapishaji, ila ufungwe kwenye mfuko wa plastiki.

Kwa mchapishaji, kila mswada hukaa rafuni miezi mitatu kabla haujaguswa. Huu ulikaa siku nne. Mhariri alimwita dobi ofisini. Alikuwa mtu mtanashati, mikono laini kama ya mtoto mchanga, na bakuli la peremende mbele yake.

"Dada, kipaji unacho, sikufichi," alisema. "Lakini vitabu vyetu vinaenda shuleni. Halafu mkuu wa hospitali yenu ni mjumbe wa bodi yetu. Mimi utaniweka wapi?"

"Ukurasa wa kumi na saba ndio kitabu chenyewe."

"Nani kasema tuutoe? Tunaupunguza makali tu. Hebu toa hiyo ndoo tuone."

Dobi aliikata ndoo kwa kalamu kwenye nakala iliyopigwa chapa. Harufu ikapungua palepale. Mhariri akavuta pumzi ndefu, akamsukumia bakuli la peremende.

"Unaona? Haya, nzi sasa."

Hapo ndipo alipoponzwa na kazi yake. Dobi wa kweli haachi doa nusu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameondoa damu kwa maji baridi, kwa kuwa ya moto huigandisha, na mikono yake ilishazoea kutouliza damu ni ya nani. Alitoa nzi. Alitoa siku sita, akaweka "muda mfupi". Alipofika kwenye usaha hakumwona tena mdogo wake, aliona doa, na doa lilimkera. Alikwenda ofisini kila alasiri kwa wiki tatu, akisugua sentensi moja moja. Mwishowe msichana akafa kwa moyo, taratibu, anatabasamu, na ukurasa wa kumi na saba ukanukia sabuni.

Alitia sahihi mkataba. Kinyaa kilimkamata kwenye ngazi. Usaha haukuwahi kumtia kinyaa maishani. Sasa aliitazama mikono yake mwenyewe, akatema mate ukutani. Akapanda tena juu kuomba mswada wa zamani. Mhariri alimweleza kwa upole kwamba umechomwa, maana ulikuwa unaleta nzi ofisini. Nyumbani alijaribu kuuandika upya, usiku na mchana, na kila alichoandika kilitoka safi.

Kitabu kilipochapishwa, mama yake alikifungua ukurasa wa kumi na saba, akanusa mara mbili.

"Huyu simjui," alisema, akamrudishia.

Wengine walikipenda. Mwalimu alikifundisha darasani kama mfano wa uandishi uliokomaa. Mkuu wa hospitali alinunua nakala sitini kwa ajili ya wodi ya wanawake, kwa sababu wageni walikuwa wanalalamikia harufu. Kila kitanda kiliwekewa nakala mbili, moja juu ya kabati, moja sakafuni kando ya ndoo, zote zimefunguliwa ukurasa uleule. Wodi ikanukia mpaka kwenye korido. Wauguzi waliacha kuziba pua, wakapita karibu kabisa na vitanda, wala hawakuinama. Wakaguzi walikuja, wakavuta pumzi mlangoni, wakaandika "safi", wakaondoka.

Jumatatu moja dobi alipandisha shuka wodini. Karibu na mlango alilala msichana mwenye bandeji iliyogeuka kijani, kitabu kimefunguliwa kifuani.

"Wameniambia ni wewe uliyekiandika."

"Ni mimi."

"Kizuri, dada. Leo siku ya tano sijaoshwa, na hata sinuki."

Dobi akamshukuru, akambadilishia shuka.