Nukta Kwenye Kundi la Jengo

Fundi cherehani wa ghorofa ya tatu ndiye aliyeanzisha kundi la jengo kwenye simu, maana maji yalikatika bila taarifa naye alichoka kupanda na kushuka ngazi akiulizia. Aliliita kundi kwa jina la jengo na mtaa, akaituma linki kwa majirani, nao wakaisambaza. Hakukuwa na hodi wala karibu: unabonyeza, umo ndani. Punde wakajaa, hata waliokwisha kuhama, hata wateja wa kinyozi wa chini. Fundi alifurahi kweli.

Kisha mdogo wake akaja na mkoba mmoja na jicho lililovimba. Alikuwa amemkimbia mumewe.

"Hajui unapokaa, dada," alisema. "Hapa hanipati."

Alasiri moja Mama Pacha, jirani wa ghorofa ya kwanza, alituma picha ya wanawe wakicheza juu ya paa. Nyuma yao, mdogo wake fundi alionekana akianika mashuka. Watu wakamwaga sifa. Halafu namba isiyo na picha, jina lake nukta tu, ikaandika: "Huyo anayeanika ni nani? Kama tulisoma naye."

Mama Pacha, mtu wa watu, akajibu papo hapo: "Mdogo wake fundi! Ghorofa ya tatu, mlango wa kijani. Karibu sana."

Fundi alisoma huku sindano ikiwa mdomoni. Akaitoa taratibu, akamwonyesha mdogo wake ile namba.

"Ni yeye," mdogo wake alisema.

Fundi akaifuta namba ile kwenye kundi. Kabla hata hajavuta pumzi, namba nyingine ikaingia kwa linki ileile, nayo nukta tu. "Mbona unanifukuza, shemeji? Niko hapa chini."

Fundi akampigia kinyozi. "Kuna mgeni hapo kwako?"

"Alikuwepo mmoja, hataki kunyolewa. Ndiyo kwanza ametoka. Anapanda ngazi."

"Mfuate! Nakuomba, mfuate!"

Fundi akafunga komeo, akasukuma cherehani mlangoni. Mdogo wake alijikunyata nyuma ya kabati, kanga kaibana kwa meno asitoe sauti. Viatu vikasikika, havina haraka. Vikasimama nje. Kitasa kikazunguka.

Hapo fundi akapiga yowe ambalo hakujua analo.

Milango ikafunguka juu na chini. Mama Pacha alipanda mbio, peku; kinyozi alifika anahema, mashine ya kunyolea bado mkononi.

"Nimemfuata mke wangu," yule mwanamume alisema kwa upole. "Haya ni mambo ya nyumbani."

"Nyumbani kwako siyo hapa, kaka," kinyozi alimjibu. "Shuka."

Mwanamume yule akawatazama mmoja mmoja, akatabasamu. Akainua simu, akawapiga picha wote, ndipo akashuka.

Polisi walikuja wakaandika maelezo, wakaenda zao. Kabla ya jua kuzama mdogo mtu alihamishiwa kwa mtu ambaye hata Mama Pacha hakutajiwa. Alilia sana, Mama Pacha. "Nilidhani ni jirani," alirudia. "Si wote mle ndani ni majirani?"

Siku hizi hakuna anayeingia bila ruhusa ya fundi. Ombi la mgeni likifika, humwambia apande kwanza amwone uso. Wengi hupanda wakicheka. Lipo ombi moja lisilo na picha ambalo bado linasubiri. Fundi alipoipigia namba ile, mtu alipokea, akawa anapumua tu.