Nguzo Iliyochoka Kurudi

Asubuhi ya kuletwa ng'ombe wa mahari ya Dina, mama yake hakuwa jikoni wala ukumbini. Alikuwa chini ya daraja, amepiga magoti topeni na gauni la sherehe limekunjwa mpaka mapajani, mkono umezama hadi kiwiko kwenye nafasi iliyo kando ya nguzo.

"Gaudensia!" kaka yake Ambrosi alimwita kutoka juu. "Leo unaoza binti au unavua kambare?"

Siku nyingine angemjibu jibu la kumlaza na njaa. Leo hata hakucheka.

"Mwezi uliopita hapa palimeza vidole," alisema. "Sasa panameza mkono."

Daraja hilo la Litapunga alilijenga yeye, fundi mwenye cheti na sugu za viganja. Nguzo zake ni mabomba ya chuma yaliyojazwa zege, yakapigiliwa chini sana kwenye udongo mweusi wa mbuga. Siku ya uzinduzi trekta lilifungwa kamba kwenye nguzo hii hii, likaivuta kwa ubavu mpaka kamba ikalia. Nguzo ikagoma. Watu walipiga makofi, na Gaudensia, kichwa kimemvimba kidogo (nani kisingemvimba?), akatangaza kwamba hiyo wataitumia hadi vitukuu.

Hesabu yake ilisahau ng'ombe. Trekta lilivuta mara moja likaenda zake. Ng'ombe wa ng'ambo wanavuka kila wiki kwenda josho, na josho liko mkono wa kulia ukishamaliza daraja. Basi wanyama wale wanaanza kukata kona wakiwa bado juu ya mbao, wanaegemea kingo, upande ule ule, kila safari. Wanasukuma kidogo tu. Nguzo inainama, inarudi. Inainama, inarudi. Lakini udongo uliokwishasukumwa haurudi, maji ya mvua yanaingia penye nafasi, na nguzo nayo kila ikirudi inabakiza kidogo.

Pikipiki ilipita juu. Nguzo ikacheza, tope likamrukia Gaudensia usoni, pwaa, kama mtoto anayetema uji.

"Wasivuke," alisema akijifuta. "Ambrosi, kundi lile lisipite hapa."

"Una wazimu? Ng'ombe wa mahari ukiwazuia njiani, umemkataa bwana harusi. Mzee Manyanda atageuza kundi, na huyo mtoto wako atalia mpaka kiama."

Alijua. Mashangazi walikuwa wamemsema Dina mwaka mzima kwa kumpenda Malale, mtoto wa wafugaji, na Dina hakutetereka. Mto nao ulikuwa umejaa, pa kuvukia pengine hapakuwepo. Na kengele za ng'ombe zilikuwa tayari zinasikika ng'ambo.

Gaudensia alipanda ukingo, akavuka mbio, akasimama mbele ya kundi amenyoosha mikono.

"Mwangaluka, mkwe," alisalimia Manyanda, baba yake Malale, mzee mrefu mwenye kofia pana. "Mbona umesimama kama trafiki?"

"Mkwe, ng'ombe wasipite."

Vigelegele vya nyuma yake vilikatika. Aligeuka akamwona Dina kwenye ukingo wa nyumbani, kiganja mdomoni.

"Wiki iliyopita wamepita hao hao," Manyanda alisema taratibu. "Daraja si lako? Au wamekuwa wazito kwa sababu ya mkwe?"

"Hao hao ndio wamelichosha."

"Sikia, mama. Mimi nikirudishwa na ng'ombe wangu, narudi mazima."

Gaudensia alibaki njiani, mikono imenyooshwa. "Kabla hujarudi, njoo na fimbo yako. Uone mwenyewe."

Walivuka wawili, wakashuka kwenye nguzo. Gaudensia aliichomeka fimbo penye ile nafasi, ikabana kisawasawa. Kisha akapaza sauti kwa bwana harusi aliyebaki na kundi ng'ambo: "Malale! Lete jike mmoja tu, mpole!"

Jike alikuja akitikisa nundu. Alipofika mwisho wa daraja akaegemea kulia kama kawaida yake. Nguzo ikasogea, fimbo ikazama yenyewe mpaka mpini. Jike akapita. Nguzo ikarudi, lakini fimbo haikubanwa tena. Ililegea mle ndani kama jino bovu.

Manyanda aliichezesha kwa kidole kimoja.

"Nguzo ya mlango wa zizi langu," alisema, "dume aliipiga kichwa, ikamcheka. Ndama wa kujikuna ndio walioilaza."

"Sasa umenielewa."

"Nimekuelewa. Na mahari je?"

Gaudensia alitazama ng'ambo. "Nyie bakini kwenu. Sisi ndio tutavuka, tuwapokee ng'ombe ng'ambo."

Manyanda alitangulia kurudi kwake, kisha watu wa Gaudensia wakavuka mmojammoja, wakishika upande wa kulia, mbali na nguzo ile. Zamu ya Ambrosi ilipofika, mbao zililia.

"Nimekunywa uji tu!" alipiga kelele.

"Wa kikombe au wa pipa?" aliuliza Manyanda kutoka ng'ambo, na watu wakacheka, isipokuwa Gaudensia.

Dina alibaki upande wa nyumbani, maana mwali hapokei mahari yake mwenyewe; Gaudensia alivuka mwisho. Alipokanyaga mbao za juu ya nguzo ile, alihisi daraja likienda, akasimama akisubiri lirudi. Halikurudi lote.

Ng'ambo ng'ombe walikabidhiwa na kupokelewa, vigelegele vikajibizana juu ya maji. Mawingu yalikuwa yanajikusanya.

"Tunarudi saa ngapi?" aliuliza Ambrosi. "Pilau limebaki kwetu."

Gaudensia alivua mtandio wake, akaufunga kwa kuukatiza mlango wa daraja. "Harudi mtu."

"Ulale kwa mkweo? Aibu hiyo!"

Manyanda alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Umekataa ng'ombe waje kwako, umekuja wewe kwa ng'ombe!"

Hapo hata Gaudensia alitaka kucheka. Ila upande wa nyumbani yule jike mpole, aliyebaki peke yake, alikuwa amewaona wenzake. Akalia, akaanza kutembea kuelekea darajani, na huko hakukuwa na mtandio wa kumzuia.

"Dina! Mshike huyo!"

Dina, binti aliyekulia sokoni Mpanda, hakuwahi kushika hata mbuzi. Alikunja kitenge kipya, akairukia kamba ya shingoni, akaburutwa na viatu vyake vya kisigino mpaka ubao wa kwanza, akakaa chini kwa uzito wake wote. Jike akasimama, kwato moja juu ya ubao.

Ng'ambo, mama mtu alikuwa amesogea mpaka kwenye mtandio. Macho yake yalikuwa kwenye nguzo.

"Huyo," alisema Manyanda polepole, "sasa ni mke wa mfugaji."

"Shikilia, mwanangu," Gaudensia alinong'ona, kana kwamba sauti ingeweza kuitegemeza nguzo. "Shikilia tu."