Papa wa Mto Gucha

Hakuna aliyewahi kumwambia Nyamoita kwamba watu hulipa ili waogopeshwe. Aliligundua jambo hilo Jumapili moja ya mwaka 1977, pale dada yake Mong'ina, aliyeolewa na karani mjini Kisii, alipomwingiza katika ukumbi wa sinema na kumtilia bisi za moto mapajani. Taa zikazimwa mchana kweupe.

Katika kile kitambaa kikubwa akatokea papa mwenye kinywa kipana kama mlango wa ghala, akamnyakua mpiga mbizi na kuzama naye. Ukumbi mzima ukapiga mayowe. Kisha, kabla maji hayajatulia, ukaangua kicheko. Watu wakapitishiana bisi, wakajikunyata tena kumngoja wa pili kuliwa. Nyamoita aliduwaa.

"Mbona mnacheka na mwenzenu ameliwa?"

"Tunacheka kwa sababu hatukuliwa sisi, dada," Mong'ina alijibu huku akitafuna. "Tulia. Bado hujaona kitu."

Kilichomshtua zaidi ni kwamba alitulia kweli. Alikaa mpaka mwisho, na bisi zilipokwisha hakujua ni nani aliyezila.

Hofu ilimrudia nyumbani, Nyamarambe. Sabato iliyofuata angebatizwa katika Mto Gucha. Alikuwa ameungoja ubatizo huo kwa miaka mingi, kwani aliapa kutoingia majini kabla hajaweza kujisomea Biblia mwenyewe. Kwa ajili hiyo alijiunga na kisomo cha ngumbaru, akajifunza kushika kalamu akiwa tayari ni mama wa watoto wakubwa. Lakini ni katika darasa hilohilo mwalimu Ratemo alipowaonyesha ramani: Gucha huingia ziwani, maji ya ziwa huingia Naili, nayo Naili huishia baharini. Maji yote yalikuwa mamoja. Samaki mwenye nguvu kiasi kile angeshindwaje kupanda?

Wala hakuwa na wa kumweleza. Obadiah, mzee wa kanisa aliyewafundisha darasa la ubatizo, alikuwa amewaonya kwamba yeyote atakayekanyaga ukumbi wa sinema jina lake litafutwa. Basi wiki nzima Nyamoita aliukwepa mto, akachota maji chemchemini na kunyamaza.

Sabato ilipofika, mto ulikuwa umejaa kwa mvua, mwekundu kama udongo wa shambani. Mchungaji alisimama katikati, maji yakimfika kiunoni. Mzee Obadiah alikuwa akiwapokea wabatizwa ukingoni, mmoja baada ya mwingine, na kuwafikisha kwake. Zamu ya Nyamoita ilipowadia, miguu ilikataa. Waimbaji walirudia ubeti, wakaurudia tena. Mtu fulani nyuma akanong'ona kwamba shetani hapendi kupoteza watu wake.

Obadiah akamsogelea, akamuuliza kwa sauti ya chini anaogopa nini. Nyamoita alijua kwamba jibu la kweli lingemnyima ubatizo. Hata hivyo, hakuweza kusema uongo akiwa amevaa joho la ubatizo.

"Naogopa papa, mzee. Nilimwona Jumapili, mjini."

Obadiah hakukemea. Alitazama mto upande wa juu, akatazama upande wa chini, kisha akamkaribia zaidi.

"Ulikaa mpaka mwisho?"

Nyamoita alimkodolea macho mwalimu wake wa ubatizo, asiamini masikio yake.

"Nilikaa," akasema.

"Mimi nilitoka mbio mashua ilipopinduka. Walimuua?"

"Walimuua, mzee. Alipasuka."

Obadiah alishusha pumzi ndefu, na mabega yake, yaliyokuwa yamekakamaa tangu asubuhi, yakalegea. Hapo ndipo Nyamoita alipoelewa: mtu huyu alikuwa amewaingiza majini wenzake wote huku hajui kama yule samaki yu hai.

"Basi jina langu litafutwa?" akauliza.

"Likifutwa lako, mama, langu litatangulia. Nitamwambia mchungaji mwenyewe, leo hii. Twende."

Akamshika mkono. Walipofika katikati, jani la mgomba lililosukumwa na mkondo chini ya maji likawapapasa miguuni. Wote wawili wakapiga yowe moja na kumkumbatia mchungaji, nusura wamwangushe. Ukingoni waimbaji wakabaki midomo wazi. Kisha Nyamoita, kwa mshangao wake mwenyewe, akaanza kucheka, na alikuwa angali anacheka mchungaji alipomzamisha.